Tope la majitaka kama chanzo cha nishati: kutoka tangi la mmeng'enyo hadi mashine ya umeme

0. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kiwanda cha kusafishia majitaka ya mji kinavyoweza kupunguza umeme kinaoutumia, na hata kujizalishia umeme wake chenyewe, kwa kulishughulikia vema tope linalobaki baada ya maji kusafishwa. Huenda jambo hili likaonekana kuwa ni la wahandisi peke yao. Sisi twaona si hivyo. Mji unapoamua kujenga kiwanda cha namna fulani, hujifunga kulipia umeme wake kwa miaka mingi ijayo. Na siku umeme unapokosekana, au fedha za kuulipia zinapokwisha, mashine husimama na uchafu wote humwagika mtoni kama ulivyotoka majumbani. Msomaji anayeishi Lubumbashi, Bukavu au Kinshasa hahitaji kuelezwa maana ya umeme kukatika. Kwa hiyo swali letu ni hili: je, nishati inayohitajiwa kuyasafisha majitaka haimo tayari ndani ya majitaka yenyewe?

Jibu tutakalolitetea ni kwamba imo, tena inatosha au inakaribia kutosha, lakini kiwanda cha kawaida huiteketeza kabla ya kuivuna. Tutalionyesha jambo hilo kwa mfano mmoja hasa, yaani kiwanda cha Strass katika bonde la Zillertal, jimbo la Tirol, nchini Austria, ambacho mwaka 2005 kilizalisha umeme mwingi kuliko ule kiliouhitaji. Kisha tutautazama kwa ufupi mfano wa pili, wa mji wa Washington, ili kuona linalowezekana pale ambapo tope lenyewe ni gumu kumeng'enywa. Mwishoni tutataja hadhari ambazo hazina budi kuzingatiwa kabla ya mifano hiyo kuhamishiwa katika nchi za joto.

1. Juu ya maneno

Kwa kuwa tunaandika kwa ajili ya wapenzi wa Kiswahili, yafaa kwanza tukubaliane juu ya maneno machache.

Neno matope katika usemi wa kila siku lina maana ya udongo uliolowa maji. Hapa tunatumia umoja wake, tope, kwa maana ya kiufundi: ule uji wa kijivu au mweusi unaotuama chini ya matangi ya kiwanda. Sehemu kubwa ya tope hilo ni maji, mara nyingi asilimia 95 au zaidi. Kinachobaki ni mchanga kidogo pamoja na uchafu wa kikaboni, yaani ule wenye asili ya viumbe: mabaki ya chakula, kinyesi, mafuta, nyuzi za karatasi, na miili ya bakteria wenyewe waliofanya kazi ya kusafisha.

Kazi inayofanywa na tangi lililofungwa, lisiloingia hewa, inahitaji kitenzi chake. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vinavyokaribia. Kuoza ni neno pana mno, kwani halibainishi kama hewa ipo au haipo. Kuchacha hutumika zaidi kwa vyakula na vinywaji vilivyokaa hata vikabadilika ladha. Kuvundika kuna uzuri wake: anayevundika ndizi huzifunika, huziweka mahali penye joto, na huzingoja siku kadhaa bila kuzifunuafunua. Kufunika, joto na subira ndiyo masharti matatu ya tangi letu pia. Hata hivyo neno hilo limekwisha shikwa na matunda. Tunaona bora kutumia kumeng'enya, neno la elimu ya viumbe lihusulo kazi ya tumbo, kwa sababu ulinganisho wake ni wa kweli na si wa kupamba tu. Katika tumbo la ng'ombe wamo vijidudu wanaovunja majani pasipo hewa, na ng'ombe hucheua gesi ya methani itokanayo na kazi yao. Tangi la mmeng'enyo ni tumbo la namna hiyo lililojengwa kwa saruji au chuma. Na kama tumbo lolote, huugua likilishwa vibaya.

2. Umeme unakwenda wapi?

Ili kuelewa kwa nini viwanda vya majitaka hula umeme mwingi, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya walikwisha kutambua kwamba uchafu uliofungiwa ndani ya tangi huyeyuka wenyewe kwa sehemu kubwa. Nchini Ufaransa, Jean-Louis Mouras wa Vesoul alijulikana mwaka 1881 kwa tangi lake lililofungwa, ambalo ndilo babu wa fosi septiki tuzijuazo majumbani mwetu. Katika mji wa Exeter, Uingereza, Donald Cameron alijenga tangi la aina hiyo mnamo mwaka 1895, na gesi yake ikatumiwa kuwashia taa. Kwa hiyo wazo la kuvuna nishati kutoka majitaka lina umri unaozidi karne moja.

Lakini mwaka 1914, mjini Manchester, Edward Ardern na William Lockett walieleza njia nyingine, iliyokuja kuenea ulimwenguni kote: njia ya tope amilifu. Katika njia hiyo majitaka hupulizwa hewa kwa nguvu, bakteria wapendao oksijeni wakaongezeka kwa wingi, wakaula uchafu kwa muda wa saa chache, kisha wakatuama chini ya tangi la kutulizia. Maji hutoka safi na kiwanda hakihitaji eneo kubwa. Faida hiyo ina bei yake. Hewa haijipulizi yenyewe: katika viwanda vya namna hii, upulizaji hewa huchukua kwa kawaida nusu ya umeme wote au zaidi. Tena bakteria wanapoula uchafu kwa msaada wa oksijeni, sehemu kubwa ya kaboni yake hugeuka kuwa kabonidioksidi na kupotelea angani. Kwa maneno mengine, kiwanda hulipa umeme ili kuchoma kuni zake chenyewe pasipo kupika kitu.

Tufanye hesabu ndogo. Wahandisi wa Austria na Ujerumani hukadiria kwamba mtu mmoja huingiza katika majitaka, kila siku, uchafu wa kikaboni ambao ungehitaji gramu 120 za oksijeni ili uungue wote. Kwa mwaka mzima hizo ni kilo 44 hivi. Uchafu unaolingana na kilo moja ya oksijeni, ukimeng'enywa wote bila hewa, hutoa lita 350 za methani. Na mita moja ya ujazo ya methani ina nishati ya kilowati-saa 10 hivi. Basi mtu mmoja hukiletea kiwanda uwezo wa mita 15 za ujazo za methani kwa mwaka, yaani kilowati-saa 150 za joto. Zikipitishwa katika injini inayogeuza asilimia 38 ya joto kuwa umeme, zitatoa kilowati-saa 58 hivi za umeme.

Upande wa pili wa mizani, kiwanda cha kisasa cha Ulaya, kinachoondoa pia nitrojeni, hutumia kwa kawaida kati ya kilowati-saa 20 na 40 za umeme kwa kila mtu kwa mwaka. Bila shaka zile 58 haziwezi kupatikana zote, kwa kuwa sehemu ya uchafu haimeng'enyeki na sehemu nyingine haina budi kuliwa na bakteria wa hewa ili maji yawe safi. Hata hivyo hesabu hii yatosha kuonyesha kwamba mapato na matumizi yako katika kiwango kimoja. Kama kiwanda kitafaulu au kitashindwa kujilisha, hilo hutegemea ni kiasi gani cha uchafu kinafikishwa tangini kabla hakijachomwa na hewa, na jinsi tangi lenyewe linavyotunzwa.

3. Ndani ya tangi la mmeng'enyo

Mmeng'enyo hufanywa na makundi mbalimbali ya vijidudu, kila kundi likila kile kilichoachwa na lililotangulia. Kundi la kwanza huvunja vitu vikubwa, yaani mafuta, protini na wanga, kuwa vipande vidogo vinavyoyeyuka majini. Kundi la pili hugeuza vipande hivyo kuwa asidi mbalimbali. La tatu huzigeuza asidi hizo kuwa asidi ya siki, hidrojeni na kabonidioksidi. La nne, la wazalisha methani, hula asidi ya siki na hidrojeni na kutoa gesi tunayoitafuta. Gesi ya tope huwa na methani asilimia 60 hadi 65 hivi; sehemu kubwa ya iliyobaki ni kabonidioksidi, pamoja na kiasi kidogo cha ile gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo hutafuna vyuma vya injini na haina budi kuondolewa kwanza.

Wasomaji wa Goma na Bukavu wana mfano mkubwa wa kazi hiyo mbele ya macho yao. Methani iliyoyeyuka katika vilindi vya Ziwa Kivu imetokana kwa sehemu kubwa na vijidudu wa jamaa hiyohiyo, wanaoishi mahali pasipofika oksijeni. Upande wa Rwanda, gesi hiyo ilianza kutumiwa na kiwanda cha bia cha Gisenyi tangu mwaka 1963, na mwaka 2016 ulizinduliwa mtambo wa KivuWatt unaoigeuza kuwa umeme.

Udhaifu wa mfululizo huu ni kwamba wazalisha asidi ni wepesi na wavumilivu, ilhali wazalisha methani huongezeka polepole na hudhurika upesi. Tangi likishindiliwa tope jingi kwa mara moja, asidi hutengenezwa haraka kuliko inavyoliwa. Maji huzidi ukali, wazalisha methani hulemewa, na asidi huzidi kurundikana. Hapo ndipo tunaposema kwamba tangi limechachuka. Kuliponya huweza kuchukua majuma mengi, na muda huo wote gesi hakuna. Kwa sababu hiyo, uboreshaji wa mmeng'enyo huanza na nidhamu kabla ya kufikia mashine mpya. Mambo ya kushika ni haya yafuatayo.

Kwanza, kulisha kidogo kidogo na mara kwa mara, usiku na mchana, badala ya kulisha mara moja kwa siku wakati wafanyakazi wapo.

Pili, kukoleza tope kabla ya kuliingiza. Kupasha mita moja ya ujazo ya maji joto kwa nyuzi 20 huhitaji kilowati-saa 23. Tope lenye asilimia 3 ya vitu vikavu lina kilo 30 tu za chakula kwa kila mita ya ujazo. Likikolezwa kufikia asilimia 6, joto lilelile hupasha chakula mara mbili. Zaidi ya hayo, tope lililokolezwa huchukua nafasi ndogo, hivyo hukaa tangini siku nyingi zaidi bila kujenga tangi jipya. Kwa kawaida muda unaotakiwa ni siku 20 hivi.

Tatu, kudumisha joto lilelile. Matangi mengi hufanya kazi katika nyuzi 35 hadi 38 za Selsiasi; mengine katika nyuzi 50 hadi 55. Kila kiwango kina vijidudu wake, na wote huchukia kubadilishiwa ghafla.

Nne, kukoroga vizuri, ili pasiwe na pembe za tangi ambamo mchanga hurundikana na chakula hakifiki.

Tano, kupima. Ulinganisho kati ya asidi na uwezo wa maji wa kuzizima asidi hizo hutoa onyo mapema kuliko kipimo cha pH: maadamu asidi hazizidi theluthi moja hivi ya uwezo huo, tangi huwa salama. Anayengoja pH ishuke huwa kama mganga anayeitwa mgonjwa akiwa amekwisha zimia.

4. Mfano wa Strass

Kiwanda cha Strass huhudumia mabonde ya watalii. Wakati wa utulivu hupokea uchafu wa watu elfu 60 hivi. Msimu wa theluji unapowaleta wageni, mzigo hupanda kufikia watu robo milioni. Kiwanda chenye mabadiliko makubwa namna hiyo si mahali rahisi pa kuwekea akiba. Hata hivyo mwaka 1996 kilikuwa kikijizalishia asilimia 49 ya umeme wake, na mwaka 2005 kikafikia asilimia 108. Kilichobadilika katika kipindi hicho ni nini?

Msingi wake ulikuwa umekwisha kuwekwa katika mpango wa matangi. Kiwanda kimejengwa kwa hatua mbili, A na B, kufuatana na njia iliyobuniwa na Botho Böhnke huko Aachen, Ujerumani. Katika hatua ya A, bakteria hukaa muda mfupi sana, nusu siku hivi. Muda huo hauwatoshi kuuchoma uchafu. Unawatosha kuunasa na kuugandisha mwilini mwao. Zaidi ya nusu ya uchafu wa kikaboni huondolewa hapo kwa hewa kidogo, kisha tope lake changa, lenye nishati nyingi, hupelekwa moja kwa moja katika tangi la mmeng'enyo. Hatua ya B, ambamo bakteria hukaa siku 10 hivi, hubakiwa na kazi ya kuondoa nitrojeni. Hili ndilo jambo tulilolitaja hapo juu: kuni hupelekwa jikoni kabla hazijachomwa uwanjani.

Juu ya msingi huo yaliongezwa mambo mengine. Katika hatua ya B upulizaji hewa uliwekewa vipimo vya amonia, ili mashine zipulize pale tu amonia inapokuwapo na kunyamaza inapokwisha. Mwaka 2001 injini ya gesi ilibadilishwa. Injini mpya iligeuza asilimia 38 ya nishati ya gesi kuwa umeme, ilhali ya zamani iligeuza asilimia 33. Tofauti hiyo ya pointi 5 yaweza kuonekana ndogo, lakini maana yake ni kwamba gesi ileile ilitoa umeme zaidi kwa asilimia 15. Joto la injini halikupotea, kwani ndilo hupasha matangi. Hatimaye, mwaka 2004, likashughulikiwa tatizo la maji yanayorudi, ambalo linastahili sehemu yake.

5. Maji yanayorudi

Tope likimaliza kumeng'enywa, hukamuliwa ili libaki gumu kiasi cha kubebeka. Maji yanayokamuliwa hurudishwa mwanzoni mwa kiwanda. Ni machache, asilimia 1 hivi ya maji yote, lakini hubeba asilimia 15 hadi 20 ya nitrojeni yote, katika hali ya amonia, kwa sababu protini zilizovunjwa tangini zimeiachilia. Hapa pana fumbo: kadiri mmeng'enyo unavyokuwa bora, ndivyo amonia inavyozidi kurudi, na ndivyo hatua ya B inavyodai umeme zaidi. Anayetazama gesi peke yake huweza kudhani amefaidi, kumbe analipa mlango wa nyuma.

Njia ya kawaida ya kuondoa amonia ni ndefu: kwanza bakteria huigeuza kuwa nitriti kisha nitrati kwa oksijeni nyingi, halafu bakteria wengine huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni, nao huhitaji kaboni ya kula. Njia hiyo hupoteza mara mbili, umeme wa kupuliza hewa na kaboni ambayo ingekuwa gesi.

Mwaka 1977 Engelbert Broda, mwanasayansi wa Vienna, alitabiri kwa hesabu za nishati kwamba lazima wawepo viumbe wanaoweza kuunganisha amonia na nitriti na kupata gesi ya nitrojeni pasipo oksijeni. Hakuna aliyekuwa amewaona. Katika miaka ya 1990 walitambuliwa mjini Delft, Uholanzi, na mwaka 2002 tangi kubwa la kwanza likaanza kufanya kazi Rotterdam. Kwa msaada wao, ni sehemu tu ya amonia inayohitaji kupulizwa hewa, tena kufikia nitriti tu. Kaboni ya kula haihitajiki kabisa. Oksijeni hupungua kwa asilimia 60 hivi.

Ugumu ni kwamba bakteria hawa huongezeka polepole mno na nitriti ikizidi huwaua. Huko Strass, Bernhard Wett wa Chuo Kikuu cha Innsbruck na wenzake walipata ufumbuzi rahisi wa kushangaza. Hewa inapopulizwa, pH hushuka. Hewa inapozimwa, hupanda. Wakaifanya mashine iwashe na kuzima hewa kwa kufuata pH katika nafasi finyu ya sehemu mia moja ya kipimo kimoja. Kwa njia hiyo nitriti haipati nafasi ya kurundikana. Umeme wa kuyasafisha maji yanayorudi ulishuka kutoka kilowati-saa 350 kwa siku hadi 196, na kaboni iliyookolewa ikabaki kwa ajili ya gesi. Ni baada ya hatua hiyo ndipo kiwanda kilipovuka asilimia 100. Baadaye mabaki ya jikoni kutoka hotelini na kwingineko yaliongezwa tangini na kuzidisha umeme huo, lakini yafaa kukumbuka kwamba mpaka ulivukwa kwa uangalifu wa ndani.

6. Pale ambapo tope ni gumu

Si kila kiwanda chaweza kujengwa upya kwa hatua A na B. Kilichokwisha kujengwa kwa njia ya kawaida hutoa tope ambalo sehemu yake kubwa ni miili ya bakteria. Bakteria hao wana kuta imara, na kundi la kwanza la vijidudu wa tangini huchelewa kuzibomoa. Kwa hiyo gesi hupatikana kidogo hata kama siku ni nyingi.

Dawa mojawapo ni kulipika tope kabla ya kulimeng'enya. Huko Hamar, Norway, kampuni ya Cambi ilianza mwaka 1995 kutumia mvuke wenye joto la nyuzi 160 hivi na mgandamizo wa bari 6 kwa muda wa nusu saa. Kisha mgandamizo huachiliwa ghafla, na kuta za seli hupasuka. Tope lililopikwa huwa jepesi kama uji hata likiwa limekolezwa sana, hivyo tangi lilelile hupokea karibu maradufu ya chakula. Pia joto hilo huua mayai ya minyoo na vijidudu vya magonjwa.

Kiwanda cha Blue Plains cha mji wa Washington, kimojawapo cha viwanda vikubwa kabisa vya aina yake duniani, kilianza kutumia njia hiyo mwaka 2015, cha kwanza katika Amerika ya Kaskazini. Kabla ya hapo tope lake lilikuwa likichanganywa na chokaa na kubebwa kwa malori kwenda mashambani. Matangi 4 ya mmeng'enyo pamoja na mashine za umeme vilipangwa kutoa megawati 10 hivi, yaani karibu theluthi moja ya mahitaji ya kiwanda, na uzito wa tope la kubebwa ukapungua kwa nusu au zaidi. Gharama yake, hata hivyo, ilikuwa mamia ya mamilioni ya dola. Mfano huu watufundisha kwamba kinachovunwa kwa kupika tope kinaweza kupatikana pia, kwa sehemu, kwa kulichukua likiwa bado changa. Strass iliepuka ugumu ule, Washington iliulipia.

7. Hadhari kwa nchi za joto

Msomaji asidhani kwamba yaliyofaa Tirol yatafaa kila mahali. Kuna mambo manne ya kupima.

La kwanza ni aina ya tope. Miji yetu mingi ingali ikitegemea vyoo vya shimo na fosi septiki. Tope linalonyonywa humo baada ya miaka kadhaa limekwisha meng'enywa pole pole shimoni, na gesi yake imekwisha kutoroka. Anayejenga tangi kubwa kwa kulitegemea hilo peke yake atavuna kidogo. Afadhali alichanganye na uchafu mbichi, kama mabaki ya machinjio na ya masoko.

La pili ni joto la nchi, ambalo ni neema. Majitaka ya Austria ni baridi, ndiyo maana tope hutenganishwa na kupashwa joto. Majitaka ya nyuzi 25 huweza kumeng'enywa yenyewe moja kwa moja katika matangi ya aina iliyobuniwa na Gatze Lettinga wa Wageningen, Uholanzi, yanayotumika sana Brazili na India. Ila sehemu ya methani hutoka imeyeyuka majini, na maji yenyewe bado huhitaji kusafishwa zaidi.

La tatu ni ardhi. Mahali penye nafasi, mabwawa yaweza kufanya kazi kwa jua, upepo na muda, kama yale ya Ruai karibu na Nairobi, ambayo hayahitaji umeme wa kupuliza hewa. Lakini mji unapopanuka ardhi hupanda bei, na gesi ya mabwawa yasiyofunikwa huenda angani.

La nne ni uvujaji. Methani, kwa uzito ule ule, huipasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kabonidioksidi katika kipindi cha miaka 100. Tangi linalovuja, au injini mbovu inayoacha gesi ipite bila kuungua, huweza kufuta faida yote. Tena methani ikichanganyika na hewa hulipuka. Hivyo kazi hii haitaki uzembe.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kiwanda cha majitaka si lazima kiwe mzigo wa milele kwa mji. Uchafu wa mtu mmoja una nishati inayolingana na ile ya kuusafisha, au kuizidi. Strass haikuvuka mpaka kwa mashine moja ya ajabu. Ilivuka kwa mambo matano yaliyofuatana: kulichukua tope mapema, kulitunza tangi, kupuliza hewa pale tu inapohitajika, kubadili injini, na kuyashughulikia maji yanayorudi. Kila moja lilikuwa dogo, nayo yalichukua takriban miaka 10, yakiongozwa na vipimo vilivyoandikwa kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa upande wetu, somo kubwa liko katika mwanzo wa mambo. Mji ambao bado haujajenga kiwanda una uhuru ambao Washington haikuwa nao: unaweza kuuliza, kabla saruji haijamwagwa, uchafu utapitia wapi na umeme utatoka wapi siku nguzo za mjini zitakapokuwa kimya. Swali hilo laweza kuulizwa kwa Kiswahili chepesi, mbele ya baraza la mji na mbele ya wakazi wenyewe. Nao ndio watakaoilipa bili, na ndio watakaoyanywa maji ya mto.